TAHARIRI: Waya wa taa upimwe kabla ya Kobero

Anayevusha roli za waya Kobero kwenda Bujumbura huulizwa na wateja wa Buyenzi: wa taa ni upi? Jibu si gumu. Taa za nyumba, redio na chaja za simu hazifiki ampea 5 kwa umeme wa volti 220. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha, na breka iwe ya ampea 10. Soketi za pasi na birika zinataka 2.5.

Shida ni waya ulioandikwa 1.5 nao ndani ni mwembamba, au ni alumini iliyopakwa shaba. Huo unaweza kuungua ukutani breka ikiwa bado haijakata. Kwarua ncha kwa kisu: ukiona weupe, si shaba. Wa uzi mmoja, pima unene wa shaba yenyewe. Ufike karibu milimita 1.4.

Soko kuu la Bujumbura liliteketea Januari 27, 2013. Hatusemi waya ndio ulioliwasha. Lakini wenzetu waliopoteza mali siku ile hawahitaji kuelezwa moto ni nini.

Tunaomba mashirika ya viwango ya Tanzania na Burundi yapime waya pale pale mpakani, kwa kipimo kimoja, mbele ya mwenye mzigo.