Kolwezi: Kofia ya mgodi, mkataba wa kampuni ingine. Mwajiri ni nani?

Kila asubuhi huko Kolwezi, jimboni Lualaba, mabasi yanapeleka wafanyakazi kwenye migodi ya shaba na kobalti. Wakifika kazini, wote wanafuata amri za mgodi. Siku ya mshahara ndipo wanatengana: wengine wanalipwa na mgodi wenyewe, wengine na kampuni za sous-traitance zilizowaleta.

Hawa wa pili si wachache. Mwezi wa Novemba 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha Kolwezi, walitoa ripoti juu ya migodi 5 mikubwa ya kobalti. Waliona kwamba 57 kwa mia ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia kampuni hizo, na wengi walilalamika juu ya mshahara mdogo na kazi isiyo na uhakika.

Shida inaanzia kwenye jina la mwajiri. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 7, inasema mwajiri ni yule anayetumia huduma za mfanyakazi kwa mkataba wa kazi. Mgodi ambao haukutia sahihi mkataba huo unaweza kusema mtu huyu si wake. Na kampuni iliyotia sahihi, ikipoteza soko, inaweza kufunga ofisi.

Sheria ya sous-traitance ya tarehe 8 Februari 2017 ilikuja kwa shabaha ingine. Inataka kampuni hizo ziwe mikononi mwa Wakongomani, na sehemu inayopewa kwao isipite 40 kwa mia ya thamani ya soko. Mamlaka ya ARSP inafuatilia hayo. Ni vizuri pesa ibaki nchini, lakini uraia wa mwenye kampuni hauongezi siku hata moja kwenye mkataba wa mfanyakazi.

Hata hivyo, sheria ya kazi haikumwacha mikono mitupu. Mtu wa kazi ya siku kwa siku akimaliza siku 22 ndani ya miezi 2, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Mkataba usioandikwa unahesabiwa vilevile, mpaka ithibitishwe kinyume. Na mwenye mkataba usio na kikomo hafukuzwi bila sababu halali.

Haki hizo zinadai ushahidi. Kabla ya kufika tribinali, lalamiko la mfanyakazi linapitia kwanza kwa inspekta wa kazi ili pande zote mbili zipatanishwe. Pale, kadi ya kuingilia mgodini, karatasi ya malipo na daftari la siku alizofanya vina uzito kuliko maneno.

Kwa hiyo, mjadala wa sous-traitance usiishie kwenye swali la nani ni mwenye kampuni. Huko Kolwezi, familia nyingi zinangoja jibu la swali lingine: kazi ikisimama kesho, nani atalipa?