Ziwa la bata-maji bila viatu: alichoacha Dada Masilo

Zilikuwa zimebaki siku mbili tu mwaka 2024 uishe wakati habari ilitoka Johannesburg: Dada Masilo amefariki. Ilikuwa tarehe 29 Desemba. Aliugua muda mfupi tu, na alikuwa na miaka 39. Mwezi wa Septemba wa mwaka ule ule, huko Positano, Italia, alikuwa amepewa tuzo ya kazi ya maisha yote, tuzo ambayo kwa kawaida wanapewa wazee wenye kuanza kupumzika.

Hapa Kongo jina lake halisikiki sana. Hata hivyo kazi aliyoifanya inagusa swali lenye kuulizwa kila siku na vijana wa dansi wa Kisangani, Bukavu, Goma na Lubumbashi: Mwafrika afanye nini na sanaa ambayo haikutungwa kwa ajili yake? Aiache? Aiige vile ilivyo? Ama aichukue na kuigeuza iseme mambo ya mtaa wake? Masilo alichagua hii ya tatu. Alichukua baleti za zamani za Ulaya, zile zenye heshima kubwa kabisa, na kuzitunga upya.

Baleti gani?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Hapa Kongo mtu akisema "ballet", wengi wanafikiria kundi la ngoma za asili: wanaume na wanawake wenye kuvaa raffia, ngoma zinapigwa, rais ama mgeni mkubwa anapokelewa uwanjani. Wenye umri wanakumbuka pia wakati wa Mobutu, wakati kucheza mbele ya viongozi ilikuwa karibu kazi ya lazima.

Baleti ya Ulaya ni kitu kingine. Ni hadithi yenye kusimuliwa na mwili bila maneno, kwa muziki wa okestra. Mchezaji wa kike anasimama juu ya ncha za vidole ndani ya viatu vigumu, na anavaa sketi fupi ya tabaka nyingi inayoitwa tutu. Mgongo wima, miguu imegeuzwa nje, mikono laini. Kuna kazi mbili ambazo karibu kila mtu wa dansi anazijua. "Giselle" ilianza Paris mwaka 1841. "Ziwa la Bata-maji", kwa muziki wa Tchaikovsky, lilianza Moscow mwaka 1877, na sura yake yenye kufuatwa mpaka leo ilitengenezwa huko Saint-Petersburg mwaka 1895 na Marius Petipa na Lev Ivanov.

Huko Afrika Kusini, baleti ya namna hii ilikuwa mambo ya wazungu. Wakati wa ubaguzi, pesa ya serikali ilienda kwa makampuni ya baleti ya wazungu na kwa majumba yao ya michezo. Mtoto mweusi hakuwa na nafasi pale.

Msichana wa Soweto

Masilo alizaliwa Soweto mwezi wa Februari 1985. Mwaka huo huo serikali ya ubaguzi ilitangaza hali ya hatari, na askari wakaingia katika mitaa ya watu weusi. Jina lake kamili ni Dikeledi, maana yake "machozi" kwa Kitswana. Hilo "Dada" si neno la Kiswahili, ni jina la kumwita tu.

Alianza kucheza njiani, katika kundi la wasichana wa mtaa lililoitwa The Peacemakers. Hakukuwa na mwalimu wa baleti pale. Baadaye kundi lilifika kwenye Dance Factory, nyumba ya dansi katikati ya Johannesburg, na hapo ndipo alianza masomo ya kweli: baleti na dansi ya kisasa pamoja. Alisoma shule ya taifa ya sanaa, akaenda Cape Town kwenye kundi la Jazzart, na alipofika miaka 19 akapata nafasi Brussels, Ubelgiji, kwenye shule ya P.A.R.T.S. iliyoanzishwa na mtunzi wa dansi Anne Teresa De Keersmaeker. Alikaa miaka miwili.

Angeweza kubaki Ulaya. Wengi wanabaki. Yeye alirudi Johannesburg. Mwaka 2008 alitunga "Romeo na Juliet", mwaka 2009 "Carmen", na mwaka 2010 ikaja kazi iliyobeba jina lake dunia nzima: "Ziwa la Bata-maji".

Alibadilisha nini?

Hadithi ya zamani ni hii: mwana wa mfalme, Siegfried, anapenda Odette, msichana aliyefanywa bata-maji na mchawi. Anadanganywa na Odile, mwenye kufanana na Odette, na mapenzi yanaharibika.

Kwa Masilo, mchawi hakuna tena. Pahali pake imekuja familia. Siegfried ni kijana ambaye wazazi wamekwisha kumpangia ndoa. Bibi arusi ni Odette, na Masilo mwenyewe ndiye alicheza nafasi hiyo. Mahari, ile ambayo watu wa Kongo wanaita dot na watu wa Afrika Kusini wanaita lobola, ni jambo la heshima ya wazazi. Lakini moyo wa Siegfried uko kwa Odile, na Odile wa Masilo ni mwanaume. Siri inapotoka, jamaa na majirani wanamgeuka.

Wachezaji wanacheza miguu wazi, bila vile viatu vya ncha. Wanaume wanavaa tutu sawa na wanawake. Muziki wa Tchaikovsky upo, lakini umechanganywa na wa watunzi wengine kama Steve Reich na Arvo Pärt. Wachezaji hawanyamazi: wanapiga vigelegele, wanapiga kelele, wanazungumza. Kuna hata maneno yenye kuchekesha juu ya vile baleti za zamani zinavyofanana zote. Watu wanacheka kweli. Kisha, mwishoni, kicheko kinakatika. Wanaume na wanawake, wote ndani ya sketi ndefu nyeusi, wanaanguka mmoja mmoja. Hakuna mwenye kusema jina la ugonjwa, lakini mtu aliyeishi Afrika Kusini miaka ile ya UKIMWI anajua anachokiona.

Hapo ndipo uzito wa kazi hii unaonekana. Afrika Kusini ilikubali ndoa ya watu wa jinsia moja kwa sheria mwaka 2006. Miaka minne baadaye, sheria ilikuwa ndani ya vitabu, lakini mitaani watu walikuwa bado wanapigwa na hata kuuawa juu ya jambo hilo. Masilo hakuandika tangazo la siasa. Alichukua hadithi ambayo kila mtu anajua mwisho wake ni msiba, akauliza: kwetu, msiba huu unaletwa na nani? Jibu lake halikuwa mchawi. Ni sisi wenyewe, ndani ya nyumba.

Giselle asiyesamehe

Kazi ya pili yenye kueleza njia yake ni "Giselle", iliyoonyeshwa mara ya kwanza Oslo, Norway, mwaka 2017. Katika hadithi ya 1841, msichana wa kijijini anapendwa na mtoto wa tajiri, Albrecht, aliyejificha kama mtu wa kawaida. Anapogundua kwamba Albrecht ana mchumba tayari, anapata wazimu na kufa. Huko kaburini anakutana na Wawili, roho za wasichana waliosalitiwa na kufa mbele ya ndoa, wenye kuchezesha wanaume mpaka wafe. Giselle anamhurumia Albrecht na kumwokoa. Kwa karibu miaka 180 watazamaji wamelia na kupiga makofi juu ya msamaha huo.

Masilo aliukataa. Giselle wake hasamehe. Anamuua Albrecht na kuondoka akiwa huru.

Malkia wa roho, Myrtha, amefanywa sangoma, mganga mwenye kusema na mababu, na mgwisho mkononi. Anachezwa na mwanaume. Roho zenyewe si wasichana weupe wa mwezini tena: ni wanaume kwa wanawake, nguo nyekundu kama damu. Muziki mpya ulitungwa na Philip Miller, na michoro ya nyuma ya jukwaa ni ya William Kentridge, wote wa Afrika Kusini.

Mtu anaweza kubishana na mwisho huu. Je, kulipiza kisasi ndiyo uhuru? Swali ni zuri, na halina jibu rahisi. Lakini angalia kile ambacho hadithi ya zamani ilikuwa inafundisha: mwanamke amedanganywa, amefedheheshwa, amekufa, na bado kazi yake ya mwisho ni kumwokoa aliyemfanyia hivyo. Katika mashariki ya Kongo, wanawake wengi wamesikia neno "samehe" mbele ya kusikia neno "haki". Kwa hiyo Giselle wa Soweto si mgeni sana hapa.

Hakuanza yeye, lakini aliongeza kitu

Ni vizuri kusema ukweli: kugeuza baleti za zamani hakukuanza na Masilo. Mats Ek wa Sweden alimpeleka Giselle katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1982. Mwingereza Matthew Bourne aliweka bata-maji wanaume mwaka 1995. Masilo alikuja nyuma yao.

Tofauti ni lugha ya mwili. Wale walibadilisha hadithi. Yeye alibadilisha pia ardhi ambayo miguu inakanyaga. Baleti inataka mchezaji apande juu, aonekane kama hana uzito. Dansi nyingi za Afrika zinapiga chini: goti linakunjwa, nyayo zinaongea na udongo, kiuno kinafanya kazi. Masilo aliweka yote mawili ndani ya mwili mmoja, kwa mwendo wa haraka ajabu. Kwa kazi yake "The Sacrifice" ya mwaka 2021, alitoka kwenye "Sherehe ya Majira ya Kuchipua" ya Stravinsky, iliyoleta fujo Paris mwaka 1913, lakini akaacha muziki wa Stravinsky. Alirudi kwenye dansi ya Watswana, watu wake, na kuweka wanamuziki na mwimbaji Ann Masina palepale jukwaani.

Kisangani nayo ilijibu

Kongo pia ina mtu wake katika mazungumzo haya. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, aliyeanzisha Studios Kabako mwaka 2001 na kuzipeleka Kisangani, alikutana na baleti moja ya mwaka 1923 inayoitwa "La Création du monde". Wazungu walioitengeneza Paris, pamoja na mchoraji Fernand Léger na mtunzi wa muziki Darius Milhaud, walisema ni uumbaji wa dunia kadiri ya Waafrika. Mwafrika mwenyewe hakuulizwa kitu. Mwaka 2012, Linyekula aliichukua kazi hiyo pamoja na Ballet de Lorraine ya Ufaransa, akaionyesha tena na kuweka maswali yake juu yake.

Masilo alisema: hadithi yenu ni yangu pia, ngoja niisimulie. Linyekula alisema: hadithi hii mnaita yangu, mbona simo ndani? Njia ni mbili, lakini wote wawili walikataa kuwa watazamaji tu.

Nani aliona?

Kuna upande wenye kuuma. Kazi za Masilo zilizunguka sana Ulaya na Amerika Kaskazini. Paris, Lyon, London, New York ziliona. Miji mingi ya Afrika haikuona. Sababu si siri: wachezaji zaidi ya kumi wanataka tiketi za ndege, viza, hoteli, jukwaa lenye sakafu nzuri, taa, umeme usiokatika. Majumba ya Ulaya ndiyo yenye kulipa, na mwenye kulipa ndiye anaonyeshwa kwanza. Hadithi juu ya dot inaeleweka vizuri zaidi Bukavu kuliko Lyon, lakini Lyon ndiyo iliyokuwa na pesa.

Tena dansi haibaki kama kitabu. Inakaa ndani ya miili ya waliofundishwa. Mtunzi akifa na miaka 39, akiwa mwenyewe mchezaji wa mbele, swali ni nani anashika kazi zake: wachezaji wake watazifundisha kwa wengine, ama zitabaki video tu? Kazi ya Petipa imefika leo kwa sababu mataifa na mashule yalilipa watu kuikumbuka. Ya Masilo inahitaji hivyo hivyo.

Na ngoma zetu?

Somo lake halihusu baleti ya Ulaya peke yake. Ngoma za mababu nazo ni kazi za zamani zenye heshima, na zinaweza kukauka. Tshala Muana, aliyefariki Kinshasa mwezi wa Desemba 2022, alilichukua mutuashi la Waluba kutoka kijijini na kulipeleka kwenye majukwaa makubwa. Kuna wazee waliosema anaharibu. Leo ni kwa njia yake watu wengi nje ya Kasai wanajua jina la dansi hiyo.

Kijana mwenye kundi la dansi hapa nchini hana haja ya kununua tutu. Anaweza kuanza na hadithi moja ambayo wote wa mtaa wanaijua, kisha aulize swali lile la Masilo: kwa nini inaisha hivyo, na nani alisema lazima iishe hivyo?