Farasi Amekaguliwa, Mwalimu Je?

Huko England, mtu anayekodisha farasi wake, au anayewatumia kufundishia watu kupanda kwa malipo, hana ruhusa ya kufanya hivyo bila leseni ya halmashauri ya mahali pake. Sharti hilo la leseni liliwekwa na sheria ya Bunge ya 1964, na tangu 2018 lipo chini ya kanuni mpya. Daktari wa mifugo hufika zizini akamkagua mnyama. Farasi asiyetimiza miaka mitatu hakodishwi. Hayo ni mema, nasi twayasifu.

Lakini yule mwalimu anayesimama katikati ya uwanja akitoa amri, nani amemkagua? Kanuni za 2018 zataka mwenye leseni awe na cheti au ujuzi wa kutosha katika utunzaji wa farasi. Kutunza farasi ni kazi moja, kumfundisha binadamu ni kazi nyingine. Tena, anayezunguka akifundisha watu juu ya farasi wao wenyewe haihitaji hata leseni hiyo. British Horse Society, chama kilichoundwa 1947, hutoa mitihani na vyeti vya ualimu vyenye heshima, ila ni hiari. Asiyetaka mtihani hujiita mwalimu, akapokea ada.

Twasema jambo hili halifai. Farasi mkubwa hufikia uzito wa kilo 500, naye ni mnyama mwenye hofu. Karatasi ikipeperuka huweza kupiga shoti. Mwalimu ajuaye kazi humchagulia mwanafunzi farasi wa kumfaa. Hutazama kiatu chake kina kisigino, ili mguu usipenye kikukuni akaburutwa. Hukaza tena mkanda wa tandiko baada ya hatua chache, maana farasi wengi hujaza tumbo pumzi wanapofungwa. Hamwachi mtoto ajishikilie kwa hatamu, kwani lijamu humuumiza mnyama kinywani, na mnyama aliyeumizwa hujitetea. Asiyejua hayo hupiga kelele tu: "Kaa sawasawa!"

Wapo watakaosema kwamba farasi ni mchezo wa matajiri, wala hauwahusu wafanyakazi. Hapa kwetu ni kweli farasi ni wachache. Mbung'o na maradhi yaliwazuia tangu zamani. Lakini katika mazizi ya Uingereza wamo vibarua na masaisi wanaoamka alfajiri kuzoa mavi, na wamo wazazi wa kipato cha kawaida wanaojinyima ili binti yao apate saa moja kwa juma. Mzazi huyo anapolipa, anauziwa usalama wa mtoto. Ana haki ya kujua anayeuza ni nani.

Ufaransa wameamua kwa njia nyingine. Huko, kufundisha mchezo kwa malipo bila diploma inayotambuliwa na Serikali ni kosa. Adhabu yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 15,000. Nasi twaona huo ndio uongozi.

Hata hivyo tuna shaka moja, nayo si ndogo. Sheria ya namna hiyo ikiandikwa ovyo, itamfukuza saisi wa miaka ishirini, ajuaye tabia ya kila farasi, na kumweka mahali pake kijana aliyenunuliwa masomo na baba yake. Hilo tutalipinga kwa nguvu ile ile. Wafaransa walilifikiria: sheria yao ya 2002 humruhusu mfanyakazi aombe diploma kwa kuthibitisha kazi aliyokwisha kuifanya, mbele ya jopo la watahini.

Basi Bunge la Uingereza na lifanye yote mawili pamoja: cheti kiwe lazima kwa kila apokeaye ada, na saisi apewe njia ya kukifikia kwa kazi yake. Na gharama ya mtihani ailipe mwenye zizi, maana ndiye anayeweka fedha ya masomo mfukoni.