Kazi Ikisimama Doha, Nani Analipa Chakula?

Serikali zetu za Afrika Mashariki haziishi kuzungumzia nafasi za kazi katika nchi za Ghuba. Sisi tulioionja Doha ya mwaka 2020 tuna swali moja: kazi ikisimamishwa kwa ajili ya maradhi, mfanyakazi atakula nini?

Tukumbushane. Tarehe 17 Machi 2020 sehemu ya eneo la viwanda la Doha, ambalo wengi wetu tunaliita Sanaiya, ilifungwa kuanzia barabara ya kwanza hadi ya 32, na askari wakawekwa njiani. Siku hiyo hiyo misikiti nayo ikafungwa. Wanaolala Sanaiya ni vibarua wa ujenzi, madereva, mafundi na walinzi, watu sita au wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, jiko la wote na choo cha wote. Hao ndio walioambiwa wakae mbalimbali!

Tuseme haki. Serikali ya Qatar iliagiza waliowekwa karantini walipwe mishahara yao, na ikatoa dhamana ya riali bilioni 3 ili makampuni yaweze kukopa na kulipa. Lakini mwezi Aprili makampuni yaliyosimamisha kazi yaliruhusiwa kuwapa watu likizo bila malipo, kwa makubaliano. Makubaliano gani hayo? Kijana ametoka Mombasa au Tanga na deni la wakala shingoni, karatasi iko mbele yake kwa lugha asiyoisoma vizuri, atakataa vipi kutia saini?

Na alipokwisha kutia saini hakuwa na pa kwenda. Wakati huo kuhama kazi kulihitaji ruhusa ya mwajiri wa kwanza, hivyo hata kama duka la vyakula la jirani lilitafuta watu, mtu alikaa kitandani akihesabu siku. Ruhusa hiyo ilifutwa mwishoni mwa Agosti 2020, na kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kilianza kutumika Machi 2021. Ni mambo mema, ila yaliwakuta wenzetu wengi wamekwisha kula akiba yote.

Kurudi nyumbani? Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Machi 2020 na kuzifungua tarehe 1 Agosti. Uganda ilifungua Oktoba. Watanzania walipata nafuu mapema zaidi, tangu mwezi Mei, kwa mwenye nauli lakini.

Dada zetu wa majumbani ni kisa kingine kabisa. Wao kazi haikusimama, iliongezeka. Watoto hawakwenda shule, baba na mama walikuwa nyumbani, sahani haziishi na sakafu haikauki dawa. Sheria ya mwaka 2017 inawapa mapumziko ya siku nzima kila wiki, lakini wapo waliokaa miezi bila kuvuka geti, na sababu waliyopewa ilikuwa ni corona. Nani angekwenda kukagua?

Huku nyumbani simu zililia vile vile: karo, kodi, dawa ya bibi. Ndugu zetu, tunawasamehe, maana kwenu aliye Uarabuni hakosi. Na sisi wenyewe tuliwazoesha hivyo kwa zile picha za Corniche.

Kwa hiyo tunawaomba mawaziri wa kazi wa nchi zetu, watakapokaa tena mezani na wenzao wa Ghuba, wasiridhike na kuhesabu idadi ya nafasi. Mkataba uandike wazi kwamba kazi ikisimama, chakula na malazi ni juu ya mwajiri, na tiketi ya kurudi pia, na kwamba deni la wakala halidaiwi kwa miezi ambayo mtu hakulipwa. Nakala iwe ya Kiswahili, na apewe mtu kabla hajapanda ndege.