Cheti Hakimwokoi Aliyezama



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii nina deni la kukiri jambo nililolificha kwa miezi kadhaa. Katika ofisi ya madrasa yangu kimetundikwa cheti chenye muhuri, kinachoshuhudia kwamba mimi nimehitimu mafunzo ya huduma ya kwanza, pamoja na namna ya kumhudumia mtu ambaye pumzi na moyo wake vimesimama. Cheti hicho nilikipata kwa asubuhi moja. Tuliketi, tukaonyeshwa picha, tukanywa chai, tukagawiwa vyeti. Hapakuwa na mwanasesere wa kufanyia mazoezi, wala hapana hata mmoja wetu aliyepiga magoti.

Kisha ikaja alasiri moja ya kusi, hapa hapa Watamu. Mtoto wa miaka kama minane alitolewa majini, mwili umelegea, midomo imegeuka rangi. Watu wakamshika miguu wakamning'iniza kichwa chini ili maji yamtoke, kama tulivyowaona wazee wetu wakifanya. Mtu mmoja akapaza sauti: "Sheikh, si wewe uliyesomea haya?" Nikapiga magoti mchangani, na mikono yangu haikujua pa kuanzia.

Aliyekuwa sababu ya kuokoka kwake, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, ni kijana anayewaongoza watalii kupiga mbizi. Alimlaza chali, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi, akamkandamiza kifua, akarudia tena na tena, hata mtoto akakohoa na kutapika. Baadaye nilimwuliza yeye alijifunzaje. Akanijibu kwa adabu: "Maalim, sisi tulifanyishwa mpaka magoti yakatuuma."

Jibu hilo ndilo darsa la leo. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini katika jambo hili, asiyechagua ndiye anayeondoka na koroma. Basi kabla familia, kamati ya msikiti au madrasa haijatoa fedha zake, na iulize maswali haya.

Swali la kwanza: je, mafunzo yanamhusu aliyezama? Mtu mzima aangukaye ghafla kwa maradhi ya moyo, mara nyingi damu yake bado ina hewa, na kumkandamiza kifua peke yake huweza kumfaa mpaka msaada ufike. Ndiyo maana yako mafunzo mafupi yanayofundisha mikono tu. Aliyezama si hivyo. Moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, basi haja yake ya kwanza ni pumzi. Miongozo ya Ulaya huanza kwa pumzi 5, na ya Marekani kwa pumzi 2, kisha hufuata mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Ama kumning'iniza au kumbinya tumbo, hupoteza dakika zenye thamani, na huweza kuyapeleka matapishi mapafuni. Sisi tunaoishi baina ya bahari na mkondo wa Mida, mafunzo yasiyotaja pumzi hayatutoshi.

Swali la pili: je, kila mwanafunzi atatia mkono? Kifua cha mtu mzima hukandamizwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hayo hayajulikani kwa kusikia. Mwili ndio unaojifunza. Mwanasesere wa mazoezi haya alitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Norway, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, ambaye hapo awali alimnusuru mwanawe mdogo asife maji. Ulizeni wako wanasesere wangapi, na kama yuko wa mtoto mchanga, kwani mchanga hakandamizwi kama mtu mzima. Mafunzo ya simu yanafaa kwa kukumbusha, hayafai kuwa peke yake.

Swali la tatu: ni nani anayetoa cheti? Hapa Kenya wako Msalaba Mwekundu na St John Ambulance, wanaojulikana kwa kazi hii. Kijana anayetaka cheti kwa ajili ya kazi ya hoteli au boti na ahakikishe kwamba mkufunzi ameidhinishwa na idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na amwulize mwajiri wake anakubali cheti gani. Tena atazame tarehe ya mwisho wa cheti. Mikono husahau upesi, na mazoezi hayana budi kurudiwa.

Swali la nne: je, mama zetu wataweza kuhudhuria na kuelewa? Mama ndiye aliye karibu na mtoto, na ndoo ya maji au kisima cha uani huweza kuua kama bahari. Ombeni mkufunzi wa kike, na mafunzo kwa Kiswahili. Na anayeona haya kumgusa asiye maharimu wake na ajue kwamba dharura ina hukumu yake, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu.

Ndugu zangu, kujifunza haya ni katika faradhi za kutosheleza: wakitimiza baadhi, wengine husalimika, wakiacha wote, wote hulaumiwa. Siku ile, lau si kijana yule, lawama ingetufika sote tuliosimama ufuoni, na mimi mwenye cheti ningekuwa wa mbele.

Cheti changu nimekishusha. Nitajiandikisha upya, na safari hii nitauliza kwanza kama yuko mwanasesere.

Wabillahi tawfiq.