Pini Hazikai Kwenye Betri

Kila anayeendesha gari, ndege au boti ya rimoti ameshaliona hili, na wengi wameshalifanya. Betri ya lithiamu imelala mezani, nyaya mbili zimetoka, na mwisho wake pini mbili zimechomoza wazi zikingoja bisibisi, funguo au bangili izikutanishe. Moshi ukitoka, lawama zote ni za betri: "Hizi za Kichina hizi!" Betri haina kosa. Imefunguliwa njia, ikatoa umeme wote iliokuwa nao. Aliyefungua njia ni yule aliyefunga plagi.

Tazama soketi ya ukutani nyumbani kwako. Ina matundu. Pini ziko kwenye waya wa pasi au wa redio, upande usio na umeme mpaka uchomeke. Hakuna fundi, hata wa kubahatisha, atakayekufungia ukutani pini tatu zenye umeme kisha akakwambia upite kwa uangalifu. Kwa betri ni vilevile. Upande wenye umeme usiku na mchana ndio unaofunikwa: plagi jike kwenye betri, plagi dume kwenye gari au ndege. Ukichanganywa na umbo la plastiki, maana plagi nyingine hutumbukizana kwa namna ya kutatanisha, achana na plastiki. Angalia chuma. Penye tundu ndipo pa betri.

Majibu tunayajua. "Mimi niko makini." "Nimezoea hivi." "Nazifunika kwa tepu." Na lile linalopotosha wengi kuliko yote: "Ni volti 11 tu, haimpigi mtu." Ni kweli, pakiti ya seli 3, yenye volti 11.1 za kawaida na 12.6 ikijaa, haikurushi kama umeme wa nyumbani. Lakini pakiti ndogo ya mAh 2200 iliyoandikwa 25C, yaani 2.2 mara 25, inadai kutoa ampea 55 mfululizo. Hata kama mwandishi wa alama hizo ametia chumvi, na mara nyingi hutia, linganisha na plagi ya pini tatu ya nyumbani ambayo fyuzi yake kubwa kabisa ni ya ampea 13. Pakiti yako haina fyuzi. Ikipigwa shoti, kwa muda mfupi hutoa ampea mamia, na pete iliyounganisha pini hizo hukuchoma kabla hujafikiria kuivua. Kwa hiyo vua pete na saa kabla ya kushika kazi hii, na usituambie habari za volti.

Jambo la pili, ambalo kila mtu analikwepa kwa sababu litamgharimu jioni moja: chagua aina moja ya plagi, ubadilishe vyombo vyako vyote. Vyote. Fungua sanduku la mchezaji yeyote wa miaka michache utakuta XT60 za njano, plagi zenye umbo la T, kile kiplagi cheupe cha Tamiya, na rundo la adapta za kuziunganisha. Kuna betri zinazofika kwenye gari kupitia adapta mbili. Kila adapta ni viungo vinne zaidi vya risasi, na kila kiungo ni mahali pa kulegea, kupata moto, au kugeuza chanya na hasi.

Hesabu si ngumu. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa miliomu 5 tu, kikipitisha ampea 40, kinapoteza wati 8 za joto. Hiyo ni zaidi ya robo ya nguvu ya chuma cha kulehemu cha wati 30, na kimejificha ndani ya plastiki, juu ya betri isiyopenda joto. Ndipo mtu anapolalamika kwamba gari halina nguvu na betri inavimba.

Kiplagi cheupe hakina ubaya wa asili. Tamiya ya Japani ilianza kuuza magari ya rimoti mwaka 1976, na kwa betri za nikeli za volti 7.2 na mota za kawaida kiplagi kile kilitosha. Kukitwika leo mzigo wa mota isiyo na brashi na betri ya lithiamu ni kukionea. Vibati vyake hulegea, hupata joto, na nailoni huyeyuka. Kikate.

Lakini kikate vizuri, maana hapa ndipo tunapopoteza watu. Usikate nyaya mbili kwa pamoja. Taya za koleo ni chuma. Zikigusa shaba ya waya mwekundu na ya mweusi kwa wakati mmoja, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe, na koleo litabaki na pengo la ukumbusho. Kata waya mmoja. Ufunge kwenye plagi mpya, uufunike, umalize nao kabisa. Ndipo ukate wa pili. Tunasema ndipo, si "nitaukata sasa hivi, niufunge baadaye."

Kwenye kulehemu, kosa kubwa ni chuma kidogo. Chuma cha kutengenezea redio hakina joto la kutosha kwa waya mnene. Utakishikilia hapo hadi plastiki ilegee na pini ikae upande, na bado risasi haitakuwa imeingia. Tumia cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana, gusa kwa muda mfupi, ondoka. Kabla ya kuanza, chomeka plagi nyingine tupu kwenye hiyo unayoifunga, isiyounganishwa na chochote. Itashika pini mahali pake na kunyonya joto la ziada. Paka risasi kwenye waya peke yake, kisha kwenye kikombe cha plagi peke yake, ndipo uvikutanishe. Risasi ya bati asilimia 63 na plumbi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 na ikipoa vizuri hung'aa. Ikiwa ya kijivu yenye punjepunje, rudia. Kisha vuta waya kwa nguvu. Afadhali uchomoke mkononi kuliko angani.

Na ile asidi ya mafundi bati iacheni kwenye ndoo na mifereji ya mvua. Inafanya risasi ishike haraka, kweli, halafu inabaki ndani ikila shaba polepole.

Waya nao uangaliwe. Kwa ampea hizi tunahitaji waya laini wenye nyuzi nyingi na ganda la silikoni, wa milimita 2 za mraba kwa vyombo vidogo na zaidi ya 3 kwa vikubwa. Siku hizi madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe ndani, mrudishie aliyekuuzia. Mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto uvishe kwenye waya kabla ya kulehemu, jambo ambalo kila mtu hulikumbuka dakika moja baada ya kumaliza. Ukiusahau, fungua uanze upya. Usimalizie kwa tepu nyeusi. Juani gundi yake huyeyuka, tepu hufunguka, nawe hutaona kwa sababu betri iko ndani ya ndege.

Ukitaka kurefusha nyaya ili betri ikae mahali pengine, refusha zile zinazotoka kwenye kidhibiti cha mwendo kwenda kwenye mota. Zinazotoka kwenye betri ziache fupi. Zikiwa ndefu hutesa kapasita za kidhibiti.

Sasa mita. Kifaa hiki kipo kwa kila fundi wa redio, na ni nafuu kuliko kidhibiti chochote unachokaribia kukiunguza. Kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza, weka ncha nyekundu kwenye tundu lenye alama ya kujumlisha na nyeusi kwenye la kutoa. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza nyaya. Kidhibiti kilichopewa umeme kinyume hufa papo hapo, na mara nyingi hakifi kimyakimya. Usitegemee rangi, hasa kwa waya uliofungwa kiwandani usikokujua. Mwekundu umeshawahi kukutwa upande wa hasi. Upande wa chombo nao upime kama kuna mguso kati ya chanya na hasi kabla betri haijafika karibu. Kapasita zinaweza kuifanya mita ilie kidogo kisha inyamaze. Isiponyamaza, usichomeke.

Siku ya jaribio toa panga za ndege. Washa rimoti kwanza, betri baadaye. Wakati wa kuzima, betri itoke kwanza. Cheche ndogo unapochomeka pakiti kubwa ni kapasita zinazojaa. Kwa pakiti za seli 6 nunua plagi yenye kizuia cheche kama XT90-S, uache kuchomeka huku umefumba macho.

Kwenye chaja utaratibu ni mmoja. Pini za waya wa kuchajia ziingie kwenye chaja kwanza, ndipo betri ichomekwe. Ukianza na betri, umeshika mkononi pini mbili wazi zenye umeme, yaani umerudi palepale tulipokukataza. Ukimaliza, betri itoke kwanza.

Wenye klabu na walimu wa vyuo ambako vijana wanaunda droni tunawaomba jambo moja lisilohitaji kikao. Andikeni aina ya plagi mliyochagua, muibandike juu ya meza ya kuchajia. Betri yenye pini wazi isiwekwe mezani, iwe ya mgeni au ya mwanachama wa zamani. Pembeni kuwe na chuma cha kulehemu, mita na pakiti ya plagi mpya, na aliyefika na betri yenye pini abadilishiwe hapohapo kabla ya kucheza. Mashirika ya ndege yameshaelewa: betri ya akiba ya lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Hayajali umezoea nini.

Wauza maduka nao wana sehemu yao. Mteja akiuliza adapta, muulizeni ni ya nini, kisha mpeni bei ya pea ya plagi na ya kumfungia. Kazi ya robo saa hiyo mtalipwa, naye atarudi kununua betri nyingine kwa sababu aliyonayo haijaungua, ila imechoka kwa umri.