Fizi na Baraka: Kitu kinacholala ndani kiuzwe kabla ya Septemba

Mwaka wa shule nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza Septemba. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure kwa agizo la serikali, lakini mzazi mwenye mtoto wa sekondari bado anatafuta pesa za kumwandikisha, sare, viatu na madaftari. Huko Baraka na katika vijiji vya Fizi, wengi hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni wavuvi wa ndagala, wakulima wa mihogo, vijana wa pikipiki na akina mama wa sokoni. Pesa zikikosekana, macho yanageukia ndani ya nyumba: kuna nini cha kuuza?

Swali hilo halina ubaya. Shida ni kwamba mara nyingi linaulizwa kwa kuchelewa.

Anayeuza redio wakati mtoto wake amelazwa hospitali hapangi bei. Mnunuzi anamsoma usoni, anataja nusu ya thamani yake au chini ya hapo, na redio inaondoka. Redio hiyohiyo, kama ingeuzwa miezi mitatu mapema bila haraka, ingeleta pesa ya maana.

Watu wa Fizi wanalijua jambo hili kuliko wengi. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha maelfu ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kwenye kambi kama Nyarugusu. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa makwao kwa boti kupitia Baraka, na wakaanza upya na sahani na masufuria ya kuhesabika. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, familia nyingine zilishika tena njia ya kusini. Kabati haliingii ndani ya mtumbwi. Na siku watu wote wanapouza, hakuna wa kununua. Kinachobaki kinaachwa, na anayekuja nyuma anakichukua bure.

Wapo watakaosema kwamba vitu vya ndani ndiyo benki ya mama wa kijijini. Wana hoja. Benki ziko mbali, na dola yenye mpasuko mdogo tu inakataliwa sokoni, wakati kitenge kilichokunjwa vizuri sandukuni hakikataliwi. Kwa miaka mingi wanawake wa mashariki mwa Kongo wameweka akiba yao namna hiyo, na imewasaidia.

Lakini benki hiyo ina matundu. Panya wanaingia, wezi wanaingia, na mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda, yaliingia hata ndani ya nyumba zilizojengwa kando yake. Kibaya zaidi, kitenge kinauzwa kwa bei nzuri siku ambayo mwenyewe hana shida. Siku ya shida, jirani naye ana shida yake, na masanduku yote yanafunguliwa pamoja.

Kwa hiyo vitu vya nyumba vitenganishwe mapema. Kuna vinavyofanya kazi: jembe, wavu, cherehani, baiskeli, sola ya kuchajia simu. Hivyo visiguswe, kwa sababu anayeuza wavu leo anauza chakula cha kesho. Kuna vinavyosubiri kazi yake, kama sufuria kubwa la msiba na harusi au kitanda cha mtoto anayekuja. Na kuna vinavyolala: redio ya pili, viti visivyokaliwa, simu ya zamani, nguo za watoto waliokua, sahani za kabatini ambazo hazijashuka tangu mvua za mwaka jana. Hivyo vya mwisho ndivyo vya kuuza, tena mwezi wa sita au wa saba, wakati mwenye nyumba bado ana nguvu ya kusema hapana.

Kuuza peke yake hakutoshi. Pesa ikikaa mfukoni inageuka bia, au kitenge kipya cha sare ya harusi ya watu. Inahitaji mahali pa kukaa siku hiyohiyo. Likelemba inasaidia, lakini zamu inaweza kumkuta mtu wakati hana haja. AVEC na MUSO zimepangwa vizuri zaidi. Mfumo wa aina ya AVEC ulianzia Niger mwaka 1991: kikundi cha watu wapatao 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, mkopo mdogo kwa mwenye shida, na mwisho wa mzunguko kila mmoja anachukua akiba yake na faida. Vikundi vinavyogawana Desemba kwa ajili ya sikukuu vingefaa kufikiria kugawana mwisho wa Agosti. Sikukuu inaweza kupita na sombe na ugali. Mlango wa shule haumsubiri mtu.

Soko lenyewe linahitaji utaratibu. Katika eneo ambalo nyumba zimeporwa mara nyingi, anayenunua godoro au televisheni ana haki ya kuuliza kilikotoka. Karatasi fupi yenye majina, bei, tarehe na mashahidi wawili, mbele ya shefu wa avenyu, inamlinda muuzaji na mnunuzi pia. Kikundi cha akiba kinaweza kutenga siku moja ya mwezi, baada ya mkutano wake, kwa wanachama kuleta vitu vyao. Hapo hata aibu inapungua, kwani jirani hawezi kusema kwamba fulani ameishiwa wakati yeye mwenyewe ameleta viti vyake.

Ushauri huu una mpaka wake. Familia iliyofika na dumu moja na watoto haina kinacholala ndani. Mkimbizi wa Lusenda au Mulongwe anapouza blanketi au sufuria la msaada, wengine husema hana shukrani. Mara nyingi anachosema kwa kitendo hicho ni kwamba dawa, chumvi au kalamu ya mtoto haikuwemo katika msaada. Wanaogawa misaada wasikilize hapo kabla ya kulaumu. Na hakuna sanduku la kufuli tatu linaloweza kuchukua nafasi ya usalama na barabara. Hiyo ni kazi ya serikali.

Lakini kwa yule ambaye bado ana nyumba na kabati, hesabu iko mikononi mwake. Akitoa mapema kisichotumika, akakipa bei mwenyewe, na pesa ikalala kwenye sanduku la kikundi, Septemba itamkuta na ada mkononi. Jembe lake nalo litakuwa bado nyuma ya mlango.